Jerash: anzia mwisho, na usione haya kupiga hodi

Mara ya kwanza nilikwenda Jerash mwezi wa Agosti, saa sita mchana, na ndara miguuni. Naishi Muskat, nikajidanganya kwamba jua nimeshalizoea. Jua la Muskat nalikimbilia ndani ya gari lenye kiyoyozi; la Jerash nililikuta juu ya mawe meupe, hakuna kivuli, na chupa yangu ya maji ilikuwa ndogo. Nilifika nusu ya mji nikageuza. Safari ya pili nilikwenda Aprili, nikiwa na mama yangu, ambaye amepita miaka sitini na magoti yake yana maneno. Haya ninayoyaandika yametokana na safari hiyo ya pili.

Jerash iko Jordan, kama kilomita 50 kaskazini ya Amman. Zamani iliitwa Gerasa, mmoja wa miji ya Dekapoli, yaani kundi la miji kama kumi ya zama za Warumi. Tetemeko kubwa la mwaka 749 liliuangusha, na sehemu kubwa ikafukiwa na udongo. Ndiyo maana leo unakuta mji karibu mzima: barabara, mahekalu, makanisa yenye sakafu za mozaiki, na kumbi mbili za maonyesho za mawe.

Kosa la wageni wengi ni kumaliza nguvu mlangoni. Unaingia kwa upande wa kusini, kwenye tao lililojengwa kwa heshima ya Kaizari Hadrian alipokuja kuutembelea mji katika majira ya baridi ya mwaka 129 kuingia 130. Pembeni yake kuna uwanja wa mbio za farasi, halafu lango, halafu ule uwanja wenye umbo la yai uliozungukwa na nguzo, halafu ukumbi wa kusini. Kila kimoja kinakuita. Watu wanapanda, wanapiga picha mia mbili, wanakaa, na wakikumbuka kwamba mji unaendelea kwa barabara ya karibu mita 800, jua limeshapanda na watoto wanalia.

Sisi tuliingia saa mbili asubuhi tukavipita vyote hivyo. Tulikwenda moja kwa moja mpaka kaskazini, kisha tukarudi taratibu tukiviangalia. Kwa vyovyote utarudi njia ileile, basi bora ngazi na jua kali vikukute karibu na mlango, kwenye vyoo na soda baridi.

Vaa viatu vilivyofungwa. Barabara ile imetandikwa mawe makubwa yaliyolala kimshazari, na magari ya farasi yameyachimba michirizi unayoweza kuingiza mguu. Mama alisimama kwenye tundu la mfereji wa maji machafu uliopita chini ya barabara, akachungulia, akasema, "Hawa walikuwa na mitaro, sisi mvua ikinyesha tunaogelea." Sikuwa na jibu.

Ukumbi wa kaskazini ndio nilioupenda zaidi, na tuliukuta mtupu. Maandishi yake yanataja mwaka 165. Ni mdogo, hata baada ya kupanuliwa ulichukua watu kama 1,600. Mwanzoni ulitumika zaidi kwa mikutano ya baraza la mji, na kwenye baadhi ya viti bado yamechongwa kwa Kigiriki majina ya makabila ya mji, kila watu na pahala pao. Usiyatafute kwa kusimama mbali. Inama, pitisha mkono, ngojea jua la pembeni; herufi zinajitokeza. Mama alichagua kiti, akatandika mtandio, akala tende, akauliza kabila lipi limempa nafasi. Tulikaa hapo karibu saa nzima. Ukiwa na mzee, hapa ndipo pa kumpumzisha, maana ngazi zake ni chache.

Wakati wa kurudi panda kwenye hekalu la Artemi, mungu wa kike wa Kigiriki aliyekuwa mlinzi wa mji. Nguzo zake za mbele zilikuwa 12, na 11 bado zimesimama. Vijana watakuonyesha mchezo: wanachomeka kijiko kwenye ufa chini ya nguzo, na upepo ukivuma kijiko kinapanda na kushuka, kwa sababu nguzo yenyewe inayumba. Ni kweli, nimekiona kwa macho yangu. Watataka bahashishi; wape kidogo ukipenda. Kidole chako usikiingize humo.

Ukumbi wa kusini ndio ule wa kwenye picha. Ulijengwa zama za Kaizari Domitian, kuelekea mwisho wa karne ya kwanza, na unachukua watu zaidi ya 3,000. Viti vya chini vina namba za herufi za Kigiriki, kama tiketi ya sinema. Ngazi ni nyembamba, zimesimama wima na hazina pa kushikia: panda kwa miguu, teremka kwa makalio ikibidi, hakuna atakayekucheka. Mama alibaki chini. Nilimwelekeza asimame kwenye jiwe la katikati aseme kitu kwa sauti ya kawaida tu. Akasema, "Hodi!" Nilikuwa safu ya juu kabisa na niliisikia kama yuko mlangoni kwangu. Nikamjibu, "Karibu!" Watalii wakageuka wote.

Fanya hivyo kabla ya wapiga zumari kuanza. Mara nyingi wapo wazee wenye vilemba vyekundu wanaopiga zumari za mfuko kama zile za Waskoti, mazoea yaliyobaki kutokana na jeshi la Jordan kufundishwa na Waingereza. Wanafurahisha, lakini wakishaanza humsikii hata anayekaa ubavuni pako. Na ukienda Julai, uliza kwanza habari za tamasha la Jerash, lililoanza mwaka 1981: siku hizo jukwaa hujaa vyuma na spika.

Kuhusu usafiri: mabasi madogo hutoka kituo cha Tabarbour, Amman, na huondoka yakijaa, kama daladala. Safari ya kwanza nilikodi teksi, dereva akalipwa ya kwenda na kurudi, akasema atanisubiri. Nilipotoka sikumkuta. Siku hizi nalipa nusu, nusu nyingine nikiwa nimeshakaa ndani. Kama mtapanda basi, msingojee jioni. Sisi tulitoka saa nane, na bado tulikaa nusu saa kungoja abiria wawili wa mwisho, mama akijikanda magoti na kuniuliza kama kesho tunaweza kurudi tena kule kwenye ule ukumbi mdogo.