Kabla hamjamwaga zege uwanja mzima wa shule, someni hii

Mimi ni mwalimu, na miaka ya nyuma niliwekwa kwenye kamati ya mazingira ya shule. Tulimwaga zege karibu eneo lote, bustani tukaiweka mbele ya ofisi, tukaizungushia kamba na kibao cha "usikanyage nyasi". Wageni walisifia sana, ila breki ikigonga watoto wote wanakimbilia nyuma ya stoo kwenye mti mmoja uliosalimika. Kuna binti alikuwa anakaa kwenye mzizi wa ule mti kila siku, mgongo kwenye shina, hana daftari hana nini, anaangalia tu sisimizi wanavyopanda. Nikajua ana shida nyumbani, nikamuuliza. Akanijibu, "Mwalimu, hapa kichwa kinatulia."

Lile jibu liliniuma, kiukweli.

Baadaye ndo nikaja kusoma kwamba wanasaikolojia wa Marekani, Rachel na Stephen Kaplan, mtu na mkewe, walishalieleza hili tangu 1989, kwamba umakini wa kujilazimisha unachoka, na unarudi ukiangalia kitu kinachokuvuta taratibu, majani yakipepea, maji, wadudu. Na 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois waliwapima wanafunzi 94 wa sekondari, waliopumzika kwenye chumba chenye dirisha linaloona miti wakarudisha umakini na kushusha stresi vizuri kuliko waliokosa dirisha au walioona majengo matupu. Dirisha tu jamani, hata nje hawajatoka!

Kwa hiyo ushauri wangu, kabla ya kuchora ramani kaeni wiki nzima mwangalie watoto wenyewe wanaenda wapi wakiachiwa, hasa wale wakimya, maana hao kwenye vikao hawasemi. Miti ipandwe karibu na madarasa na ionekane dirishani, breki ya dakika 15 haitoshi kutembea mpaka mwisho wa kiwanja na kurudi. Benchi ziwe fupi, za watu wawili watatu, zimejificha kidogo na vichaka lakini mwalimu wa zamu aweze kuona. Uwanja wa mpira uwe upande mwingine kabisa, kelele zinaharibu kila kitu.

Sisi tulivunja kipande cha zege karibu na madarasa, tukapanda miche minne. Kamba tuliitoa siku hiyo hiyo, na kibao chake.