Treni yangu ya mizigo inazunguka tu, nifanyeje?

SWALI: Habari za kazi. Nina reli ya modeli, skeli ya HO (ndogo mara 87 kuliko ya kweli), stesheni ipo, viwanda vitatu vipo, mandhari nimemaliza. Shida nikiwasha treni ya mizigo inazunguka weee, baada ya muda mfupi nimeshachoka. Nataka ifanye kazi kama ya kweli. Mabehewa ninayo kama 40, niongeze?

JIBU: Usiongeze hata moja, kwanza punguza. Ukijaza njia zote mabehewa huna pa kuyasogezea, yaani unakwama kabla hujaanza, mi naona njia zikiwa zimejaa nusu au zaidi kidogo tu inatosha kabisa, mengine weka kwenye boksi uwe unabadilisha.

Sasa kazi yenyewe. Reli ya kweli haipeleki treni kwa sababu treni ipo, inapeleka kwa sababu kuna mtu ana mzigo, kwa hiyo chukua kila kiwanda jiulize kinapokea nini, kinatoa nini na kwa behewa la aina gani. Mfano kiwanda cha karatasi, kinaingiza magogo kwenye mabehewa ya wazi, kemikali kwenye matangi, makaa ya boila, halafu karatasi inatoka kwenye mabehewa yaliyofungwa pande zote ili isilowe. Umeona? Kiwanda kimoja, aina nne za mabehewa, na tangi likishamwaga kemikali linatakiwa lirudi tupu lilikotoka, hiyo nayo ni safari. Mgodi wa makaa ni kinyume, matupu yanapanda yaliyojaa yanashuka. Na mizigo mingi inatoka au inaenda nje ya meza yako, kwa hiyo tenga njia moja au mbili nyuma ya mandhari, hizo ndo dunia nzima iliyobaki.

Ili usiwe unabuni kichwani kila siku tumia kadi. Kila behewa lina kadi yake yenye mfuko, ndani unachomeka hati ya mzigo yenye safari nne, mbili kila upande. Behewa likifika linapotakiwa, kabla ya kucheza tena unageuza hati inakupa safari inayofuata. Kompyuta inaweza kufanya hivyo pia ila kadi unaishika mkononi unaipanga kama treni ilivyojipanga, mi naipenda zaidi.

Kuna kitu wengi hawakiangalii, upande ambao swichi ya kiwanda, yaani pale reli inapochepuka kuingia kiwandani, imeelekea. Kama treni inaipita swichi kwanza halafu inarudi nyuma kuingiza behewa, rahisi. Kama njia inachepuka mbele ya injini, injini itaingia ya kwanza, kwa hiyo lazima izunguke treni kupitia njia ya pembeni ije isukume kwa nyuma, au behewa liachwe lishushwe wakati wa kurudi, na reli za kweli hufanya hivyohivyo. Hapo urefu wa ile njia ya pembeni ndo unaamua treni iwe na mabehewa mangapi, pima! Behewa la futi 40 kwenye HO ni kama sentimita 14, na ukijumlisha kapling (kiungio chake) linakaribia 15, kwa hiyo sentimita 60 ni mabehewa manne.

Saa ya kasi, ile ya kufanya masaa yaende haraka, iache kwa sasa maana kushanti behewa (kulisogeza na kulipanga) hakuwezi kuharakishwa, na injini iende taratibu kabisa, kwenye reli ya kweli kuna watu wanaunganisha mabehewa hapo.

Kama bado huoni utamu wake jaribu fumbo la Inglenook la Alan Wright wa Uingereza: njia tatu, moja ya mabehewa matano, mbili za matatu matatu, una mabehewa manane, unachagua matano kwa bahati nasibu na kuyapanga kwa mfuatano uliotoka. Mifuatano inayowezekana ni 6,720.

Na ukimaliza kucheza usirudishe mabehewa yalikoanzia. Yaache hapohapo, geuza hati, kesho unaanzia hapo.