Albamu iliyoonewa mara mbili

Mmeuliza wiki hii: ni albamu gani ya pili ya msanii ambayo wahakiki hawakuitendea haki? Yangu ni ile ya Elliott Smith, mwimbaji na mpiga gitaa wa Marekani, ya mwaka 1995, inayobeba jina lake mwenyewe. Na nasema ilionewa mara mbili.

Mara ya kwanza ilipitwa tu. Smith wakati huo alikuwa bado na Heatmiser, bendi ya roki ya mjini Portland, Marekani, yenye magitaa ya kelele. Pembeni akawa anarekodi nyimbo zake majumbani, gitaa kavu lisilo la umeme na sauti ya chini, ngoma hapa na pale. Kill Rock Stars, lebo (kampuni ya muziki) ndogo, ikaitoa albamu hiyo, na haikuvuma. Siwalaumu sana wahakiki. Mhakiki ana rundo mezani na makala inadaiwa kesho. Albamu kama hii ukiisikiliza huku unafanya jingine, inakupita. Mimi mwenyewe niliizima baada ya nyimbo tatu.

Nilikuja kuirudia usiku, nimevaa hedifoni, na ndipo nikagundua kwamba sauti niliyodhani ni moja ni mbili. Aliimba mstari uleule mara mbili, kisha rekodi zikalazwa moja juu ya nyingine. Zinakwenda sambamba, ila mwishoni mwa neno, sauti moja hutangulia kidogo, kama mtu anayenong'ona na kujiitikia mwenyewe. Vidole navyo unavisikia vikikwaruza nyuzi anapohama kutoka kodi moja (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) kwenda nyingine. Wangeweza kuufuta mkwaruzo huo. Waliuacha, na heri waliuacha.

Uonevu wa pili ulikuja na sifa. Wimbo wake katika filamu ya Good Will Hunting ulimfikisha kwenye jukwaa la Oscar mwaka 1998, watu wakaanza kufukua alichokifanya nyuma. Halafu akafariki mwaka 2003, akiwa na miaka 34, na uhakiki ukageuka matanga. Albamu ileile iliyopuuzwa sasa ikawa kito, lakini kila mstari wake ukasomwa kama wosia.

Hapo ndipo ninapogomba. Dawa za kulevya zimo katika maneno yake, sikatai. Lakini sikiliza gitaa: linakupeleka mahali pa giza, unajiandaa kuzama, kumbe kodi inayofuata inafungua dirisha. Huyo ni fundi aliyewapenda Beatles, bendi ile ya Uingereza, na kujifunza kwao jinsi ya kumhadaa msikilizaji. Kuna uchokozi mle, hata utani, na wanaokuja na leso mkononi hawausikii.

Natamani kusoma uhakiki mmoja tu wa albamu hii usiogusia kifo chake. Hata mimi, kama mnavyoona, nimeshindwa kuuandika.