Wingi wa Kiingereza hauhitaji ritifaa

Kaka umeuliza bango la duka liandikwe Phone's and Laptop's au Phones and Laptops, andika Phones and Laptops, bila ritifaa, kile kialama cha juu kama cha kwenye ng'ombe. Wingi wa kawaida unaongeza s au es basi, hata miaka ni 1990s, kina Jones ni the Joneses. Inaruhusiwa tu kwenye herufi moja moja ndogo kama a's na i's, maana bila ritifaa zinasomeka as na is.

Ritifaa kazi yake hasa ni umiliki. Mwenye mali akiwa mmoja ni the teacher's book, wakiwa wengi na s ipo tayari unaiweka nyuma ya hiyo s, the teachers' books, ila wingi usio na s kama children unakuwa children's, sio childrens', na hapa ndo wengi wanateleza. We andika kwanza mwenye mali mpaka mwisho, halafu ndo uweke ritifaa.

Its ya umiliki haina kabisa, it's ni it is au it has, na hii iangalie sana maana simu huwa inakubadilishia yenyewe.

Majina rasmi usiyarekebishe lakini, London stesheni ya Earl's Court inayo na jirani yake Barons Court haina, na maduka ya vitabu ya Waterstones waliitoa 2012, unayaandika yalivyo.