7D ya mtumba au SX60 kwa ndege wa Dunga na Kakamega

Dada, nimesoma swali lako pamoja na majibu uliyopewa. Una Sh45,000, unajifunza kazi ya kuongoza wageni wanaokuja kutazama ndege pale Dunga, ufukweni mwa Ziwa Victoria, mara moja moja unapanda msitu wa Kakamega, na umepata kamera mbili za mtumba kwa bei inayokaribiana: Canon 7D yenye lenzi ya 55-250mm, na Canon SX60 yenye zuumu ndefu ambayo lenzi yake haitoki. Juu ya hayo binamu yako ana harusi Desemba na ameshakuhesabu kuwa mpiga picha wake. Wengi wamekwambia uchukue DSLR, yaani kamera ya kubadilisha lenzi kama hiyo 7D, ufumbe macho, eti SX60 ni ya watalii. Mimi nasema chukua SX60. Ila nisome hadi mwisho, maana kuna mahali utailaani, na afadhali ujue mapema.

Mimi ni wa Nakuru, naendesha gari la wageni, na mbuga ya Ziwa Nakuru ndiyo ofisi yangu. 7D ninayo, na lenzi ni hiyo hiyo 55-250. SX60 ni ya mke wangu. Tumezitumia zote mbili kutoka dirisha moja, kwa ndege mmoja, kwa hiyo sibahatishi.

Kuna kitu wauzaji hawakigusii. Ukiishika SX60, soma maandishi yanayozunguka kioo cha mbele. Utaona 3.8-247mm. Ile 1365mm ya kwenye matangazo ni hesabu ya kuilinganisha na kamera za filamu ya 35mm. Maana yake, kwa urefu halisi, lenzi ya SX60 ikivutwa hadi mwisho ni sawasawa na 55-250 ya 7D ikivutwa hadi mwisho. Zote mbili ni kama 250, tofauti iko nyuma ya lenzi, kwenye sensa, kile kipande kinachopokea mwanga na kutengeneza picha. Sensa ya 7D ina upana wa milimita 22.3 na kimo cha 14.9. Ya SX60 ni 6.17 kwa 4.55, yaani eneo lake linaingia kwenye la 7D karibu mara 12. Lakini pikseli, zile nukta zinazounda picha, karibu zinalingana, milioni 18 kwa 7D na milioni 16 kwa SX60. Chapati ni moja, 7D imeikata vipande vinne, SX60 vipande arobaini.

Basi furukombe akitua mbali, kwenye 7D yangu anapata tuseme pikseli 300 kutoka kichwa hadi mkia. Kwenye SX60 furukombe huyo huyo anapata zaidi ya 900. Unajua jinsi ziwa letu lilivyopanda miaka hii, maji yakaingia kwenye msitu wa migunga na miti ikafia humo humo. Ile miti mikavu ndiyo sasa makao ya minandi na furukombe, na gari haliwezi kuisogelea. Siku moja alikuwa ametua mmoja mbali kabisa, jua liko mgongoni kwetu, asubuhi. Yangu ilipofunguliwa kwenye laptopu ilikuwa picha nzuri ya mti. Nikaikata, nikaikuza, nikapata ndege mwenye kichwa cheupe, basi. Ya mke wangu ulikuwa unaona ngozi ya manjano inayozunguka mzizi wa mdomo, tundu la pua, na damu ya samaki kwenye ukucha mmoja. Mgeni aliyekuwa nyuma akaomba atumiwe ya mama, yangu hakuiulizia.

Kwa kazi yako hiyo ndiyo hoja kubwa. Kiongozi wa ndege anahitaji picha ya kumtambua ndege kwanza, urembo baadaye. Mgeni anakuuliza yule ni nani, unampiga, unakuza kwenye skrini, mnafungua kitabu. SX60 ina Wi-Fi, kwa hiyo kabla boti haijarudi ufukweni picha iko kwenye simu ya mgeni. 7D haina kitu hicho, utasubiri kompyuta. Tena inatumia kadi za CompactFlash, zile pana za zamani, si SD. Kabla hujalipa hata shilingi, zunguka maduka ya Oginga Odinga Street uulize CompactFlash na kifaa cha kuisomea. Ukizipata kwa urahisi nitafurahi kusikia. Mimi zangu huagiza Nairobi.

Sasa upande wa pili.

Vile vipande vidogo vya chapati kila kimoja kinapata mwanga kidogo. Kwenye jua la Dunga huwezi kuona tofauti, mwanga umejaa tele. Ingia Kakamega chini ya miti mikubwa, ukiwa na lenzi ya f/6.5 (namba ya f ikiwa kubwa, tundu la mwanga ni dogo), na kamera yenyewe itaanza kupandisha ISO, yaani wepesi wa sensa kushika mwanga: 800, 1600, mpaka manyoya yanapotea. Mke wangu alimpata hondohondo mle ndani, amekaa vizuri kabisa, mdomo wote unaonekana na ile pembe iliyo juu yake. Ukimtazama kwenye simu ni picha safi. Ukimkuza, shingo ni rangi moja iliyopakwa, hakuna unyoya hata mmoja. 7D kwa ISO 1600 ina chembechembe, sikatai, ila manyoya yapo na unaweza kuyafanyia kazi.

Hata hivyo usidhani 7D kwa lenzi hiyo inaona gizani. Ukigawa urefu wa lenzi kwa namba yake ya f, yaani 250 kwa 5.6, unapata tundu la milimita 45 hivi, na 247 kwa 6.5 inakupa 38. Ndiyo ukubwa wa dirisha ambalo mwanga wa ndege unapitia. 7D inapata zaidi, theluthi moja na kitu, wala si mara 12 kama watu wanavyodhani wakisikia sensa kubwa. Ile faida ya mara 12 unaipata ukiwa na lenzi inayojaza sensa na ndege wako. Kama muuzaji angekuwa anakupa 7D na ile Canon 400mm f/5.6, tundu la milimita 71, ningekwambia kopa kwenye chama ukainunue leo. Kwa bei yako huipati. DSLR unayouziwa ni mwili mzuri wenye lenzi fupi kwa kazi ya ndege, na majibu mengi niliyoyasoma humu yanaongelea mwili peke yake.

Ndege anayeruka ni habari nyingine, na hapo SX60 inashindwa kabisa. 7D ina fokasi ya pointi 19 na picha 8 kwa sekunde, na kwenye kitundu cha kuchungulia unaona kwa jicho lako, kupitia kioo, bila kuchelewa. Pale Naivasha waendesha boti wakirusha samaki na furukombe akashuka, mimi narudi na mfululizo mzima: anakunja mabawa, ananyoosha miguu, maji yanaruka. Mke wangu anarudi na maji. Kitundu cha SX60 ni skrini ndogo ya elektroniki, na ukishikilia kitufe picha unayoiona ni ya mahali ndege alipokuwa. Fokasi nayo inatafutatafuta mbele na nyuma. Wa kumpata ni mdiria yule mweusi na mweupe, kwa sababu husimama hewani kabla ya kupiga mbizi. Mwari akiteleza polepole pia anapatikana. Mbayuwayu sahau.

Kwenye mafunjo pia utasumbuka. Gonolek, yule mwenye kifua chekundu na utosi wa manjano ambaye wageni wengi wanamfuata Dunga, hukaa ndani, na kamera itafokasi bua la mbele kila mara. 7D ina pointi ndogo ya fokasi inayopenya katikati ya mabua. Kwa SX60 dawa ni kupunguza kisanduku cha fokasi kiwe kidogo kabisa, ukafokasi bua lililo umbali sawa na ndege, ukashikilia kitufe nusu, halafu umsubiri atokeze ukingoni. Mara nyingi anakukatalia.

Mambo madogo ya boti ambayo hakuna atakayekwambia dukani. Mwambie nahodha azime injini, usimwambie apunguze. Kidhibiti cha mtikisiko kinatuliza mikono yako, hakiwezi kutuliza ziwa, kwa hiyo kasi ya shata, kile kifuniko kinachofunguka kupiga picha, isiwe chini ya 1/500 ya sekunde hata kama kamera inakuahidi miujiza. Zuumu usiivute mwisho ukiwa majini. Simama katikati, kwenye 600 hivi, picha itakuwa kali kuliko ile ya 1365 inayochezacheza. Kuna vitufe viwili upande wa kushoto wa pipa la lenzi ambavyo watu huvipuuza: ukibonyeza kimoja zuumu inarudi nyuma, unamtafuta ndege, ukiachilia inarudi pale pale ulipokuwa. Bila hicho utatumia asubuhi nzima kutafuta ndege ambaye kila mtu botini anamwona kwa macho. Zuumu ya kidijitali izime moja kwa moja kwenye menyu.

Na kuanzia saa nne, saa tano za asubuhi, jua likikaza, hewa juu ya maji inaanza kucheza. Hapo hata ukiwa na lenzi ya milioni moja, ndege wa mbali atatoka amepindapinda. Watu wengi wanaolalamika kwamba SX60 haina makali wanapiga saa sita mchana kuvuka ghuba. Piga mapema, au sogea karibu.

Kakamega, shorobo yule mkubwa wa buluu anapenda kukaa juu kabisa, nyuma yake ni anga nyeupe. Ukimpiga hivi hivi atatoka mweusi. Ongeza mwanga kwa +1 au zaidi kidogo, anga iungue, wala usiihurumie. Hii ni kwa kamera zote mbili.

Ukienda kukagua, usiuziwe mbuzi kwenye gunia. Kwa SX60 hatari ni pipa la lenzi. Iwashe na uizime mara kadhaa, vuta zuumu hadi mwisho na kuirudisha huku umeweka sikio karibu. Ikisaga kama ina mchanga, au ikikwama na kuandika hitilafu ya lenzi, mrudishie mwenyewe na umuage. Lenzi haitoki, kwa hiyo vumbi likiingia ndani linakaa ndani, na fundi atakutoza pesa zinazokaribia bei ya kamera. Piga anga nyeupe zuumu ikiwa mwisho uone kama kuna madoa. Mulika tochi ya simu ndani ya kioo utafute ukungu wa nyuzinyuzi. Kisumu pana unyevu, kamera iliyolala miaka kwenye begi la ngozi hapo kwenu huota kuvu. Betri ulizia mbili, maana moja haikufikishi jioni. Hapo 7D inaishinda kwa mbali.

Kama utakaidi uchukue 7D, shata yake ilitengenezwa kwa makadirio ya picha 150,000. Nikon nyingi huandika idadi ndani ya picha yenyewe, lakini Canon hiyo inataka programu na waya wa USB, kwa hiyo nenda na laptopu. Muuzaji akikataa usichomeke waya, umeshapata jibu lako. Piga pia picha ya ukuta mweupe kwa f/16 uone vumbi la sensa. Hilo linasafishika, litumie kuteremsha bei.

Harusi sasa. Hapa najua utasema basi si ndiyo sababu ya kununua DSLR? Kwa 55-250 peke yake, 7D haiwezi kupiga harusi. Ile 55 kwenye sensa hiyo ni sawa na 88mm, utarudi nyuma kupiga picha ya ukoo hadi utoke nje ya hema na bado shangazi wawili wamekatwa. Utahitaji lenzi ya 18-55, na jioni ikiingia utahitaji flashi au lenzi ya 50mm f/1.8. Hizo zote ni pesa juu ya Sh45,000. SX60 inaanzia 21mm, ukoo wote unaingia, na mchana uwanjani itakupa picha za heshima. Ndani ya kanisa lenye giza au usiku kwenye dansi itakuaibisha. Mwambie binamu ukweli kwamba wewe ni mtu wa ndege, akodishe mpiga picha wa harusi, nawe uje na SX60 upige wazee wakicheka kutoka mbali bila kujua. Akikataa katakata, kodi DSLR yenye lenzi mbili kwa siku hiyo moja na gharama aibebe yeye.

Kuna ndugu hapo juu amesema subiri uongeze pesa uchukue Nikon P900. Ni kamera nzuri, inafika 2000mm, na dirisha lake ni la milimita 55 hivi, kubwa kuliko zote mbili ulizotaja. Lakini haitoi faili za RAW, zile ghafi zinazokuachia nafasi ya kurekebisha picha baadaye, ni nzito zaidi, na msimu wa ndege wahamiaji ukifika haukusubiri ukimaliza kuweka akiba. Kama SX60 uliyoonyeshwa inapita ukaguzi, mpe elfu thelathini na tano kwanza, umwache apande mwenyewe. Na uhakikishe chaja ni ya Canon, si ile ya kubandika.