Bustani Isile Zaidi ya Inavyolisha

Barua za safari hii zina lalamiko moja: bustani ilianzishwa kupunguza gharama za jikoni, lakini kila mwezi inadai kitu kipya cha kununua. Tumechagua tano ambazo majibu yake yatawafaa wengi.

SWALI: Nilinunua nyanya nzuri sana, nikakausha mbegu zake na kuzipanda. Miche imezaa nyanya za kila namna, nyingine ndogo kama golola. Nimekosea wapi?

JIBU: Kosa haliko kwenye kukausha, liko kwenye mzazi. Yaelekea nyanya hizo zilitokana na mbegu chotara, ile ambayo pakiti yake huandikwa F1. Chotara hupatikana kwa kuchavusha aina mbili tofauti. Kizazi cha kwanza hufanana kama mapacha, cha pili hutawanyika, kila mche na sura yake. Anayetaka kuacha kununua mbegu kila msimu aanze na aina isiyo chotara.

Aanze pia na mazao yanayojichavusha yenyewe: nyanya, maharage na saladi. Mahindi huchavushwa na upepo na maboga na nyuki, hivyo mbegu utakayoweka inaweza kuwa nusu ya kwako na nusu ya jirani. Boga lililotokana na mbegu ya namna hiyo likiwa chungu mdomoni, liteme na usilipike. Uchungu ule ni sumu, na moto hauuondoi.

Kwa nyanya, chagua tunda kwenye mche wenye afya kuliko yote, si yale mabaki ya mwisho wa msimu. Liive kabisa. Kamulia mbegu na ute wake kwenye glasi, ongeza maji kidogo, acha siku 2 hadi 3 huku ukikoroga kila siku. Zitachacha na kufanya utando juu. Ndivyo inavyotakiwa, kwa sababu ute ule una vitu vinavyoizuia mbegu kuota ikiwa bado ndani ya tunda. Ukizisahau siku nyingi zaidi, zitaanza kuota mle mle kwenye glasi. Jaza maji, mwaga zinazoelea, chuja zilizozama, zioshe, kisha zitandaze kwenye sahani. Usitumie karatasi, zitaigandia. Zikauke kivulini penye upepo kwa wiki nzima, ndipo uzitie kwenye bahasha ndani ya chupa yenye kifuniko. Andika aina na mwaka. Mbegu za nyanya zikikaa pakavu na pa baridi hudumu miaka 4 au zaidi, ila za kitunguu usizitegemee baada ya mwaka mmoja au miwili.

Una pakiti ya zamani? Usiitupe. Viringisha mbegu 10 ndani ya kitambaa chenye unyevu, weka kwenye mfuko wa plastiki mahali penye joto, fungua baada ya siku 7 hadi 10. Zikiota 7, panda kwa wingi kidogo kuliko kawaida. Zikiota 3, hapo nunua mpya.

SWALI: Nimekuwa nikiweka maganda ya jikoni kwenye ndoo yenye kifuniko ili nipate mboji. Miezi miwili imepita na kilichomo ni uji unaonuka. Nirudi kwenye mbolea ya dukani?

JIBU: Bado mapema. Uji maana yake kuna vitu vibichi vitupu na hewa haiingii. Kila ndoo moja ya maganda inahitaji kama ndoo mbili za vitu vikavu: majani yaliyoanguka, mabua yaliyokatwakatwa, katoni lililochanwa ambalo halina ngozi ya plastiki. Toboa ndoo yako chini na ubavuni, mwaga uji ule, uchanganye na makavu, urudishe. Tangu hapo kila ukiongeza maganda, yafunike kwa tabaka kavu; nzi nao watapungua.

Unyevu hupimwa kwa mkono. Kamua konzi moja: likitoka tone moja au mawili, pako sawa. Lisipotoka hata tone na konzi ikasambaratika, nyunyizia maji, maana rundo kavu limelala tu, halivundi. Rundo la mita 1 kila upande hupata joto la nyuzi 55 hadi 65 likipinduliwa vizuri, na joto hilo huua mbegu nyingi za magugu. Ndoo haitafika huko. Mboji yake itaiva, lakini polepole, kwa hiyo usitie humo magugu yenye mbegu. Nyama, mafuta na kinyesi cha mbwa au paka vikae mbali kabisa.

Harufu nayo inasema. Ikinuka kama yai viza, hewa imekosekana: pindua. Ikichoma pua kama mkojo, mabichi yamezidi na naitrojeni, chakula cha majani, inapaa hewani, yaani ile ile ambayo ungekwenda kuinunua kwenye mfuko. Ongeza makavu siku hiyo hiyo. Majivu je? Konzi moja moja tu, na si pamoja na samadi mbichi, kwani huifukuza naitrojeni kwa kasi zaidi.

SWALI: Nimepewa samadi ya ng'ombe bure. Tangu niiweke, majani machanga ya nyanya na maharage yamejikunja, yamekuwa membamba. Ni virusi? Ninunue dawa gani?

JIBU: Usinunue kitu kwanza. Virusi vya mimea havina dawa ya kupuliza, na huenda si virusi. Uliza ng'ombe wamekula nini. Zipo dawa za kuua magugu ya malishoni, mojawapo aminopiralidi, ambazo hupita tumboni mwa mnyama zikatoka na kinyesi zikiwa bado na nguvu. Hudumu kwenye samadi kwa miezi mingi, hata iliyofanywa mboji. Nyanya, maharage na viazi huumia kwa kiasi kidogo sana, mahindi hayajali kwa sababu ni jamii ya nyasi. Kama mahindi yaliyopata samadi hiyo hiyo yamestawi, tuhuma zinaongezeka.

Jipimie mwenyewe. Chukua makopo 6. Matatu yajaze mchanganyiko wa samadi sehemu 1 na udongo sehemu 2, matatu udongo mtupu kutoka mahali ambapo samadi haikufika. Panda maharage matatu kila kopo, na maji ya kundi moja yasichuruzike kuingia kwenye jingine. Ngoja hadi majani halisi matatu matatu yatokee, kama wiki 3. Yakijikunja kwenye samadi tu, umepata jibu. Samadi hiyo usiitie kwenye rundo la mboji, utaharibu na kilicho kizima. Pale ulipokwisha kuiweka, changanya na udongo, panda mahindi msimu huu, kisha rudia kipimo kabla ya kurudisha nyanya.

Hata samadi safi isiwekwe mbichi kwenye mboga. Huunguza mizizi na hubeba vimelea. Kwa mboga inayogusa udongo na kuliwa bila kupikwa, acha siku 120 kati ya kuiweka na kuvuna.

SWALI: Nyanya zangu za kwenye ndoo zinaoza kitako. Nimesaga maganda ya mayai mpaka nimechoka, hakuna nafuu.

JIBU: Maganda huyeyuka taratibu mno kusaidia tunda la mwezi huu, na mara nyingi kalisiamu, madini unayoyatafuta kwenye maganda hayo na ambayo tunda likiyakosa huoza kitako, imo udongoni tayari. Inayokosekana ni njia ya kuifikisha kwenye tunda, na njia hiyo ni maji. Ndoo ikikauka mchana na kufurika jioni, tunda changa ndilo linalokosa. Mche mmoja upate ndoo ya lita 20, si kopo la rangi la lita 4. Toboa matundu 5 au 6 ya upana wa sentimita 1 chini. Kokoto za chini tunazoambiwa tuweke hazikaushi chochote, zinapunguza udongo tu. Tandaza majani makavu unene wa sentimita 5, yasiguse shina. Ingiza kidole kila asubuhi: sentimita 3 za juu zikiwa kavu, mwagilia mpaka maji yatoke chini. Punguza mbolea yenye naitrojeni nyingi. Matunda yaliyokwisha oza yang'oe, yatakayofuata yatakuwa mazima.

SWALI: Nina mita mbili kwa mbili tu. Nipande nini kinachorudisha gharama upesi?

JIBU: Mboga za majani zinazochumwa na kuchipua tena, na viungo vibichi vya kutia chakulani. Viazi na vitunguu vya kuhifadhi hukaa ardhini miezi 3 au zaidi, kisha huvunwa mara moja; katika eneo lako ni hasara. Usimwage pakiti nzima siku moja, utakuwa na saladi 40 wiki moja na bakuli tupu mwezi unaofuata. Panda mstari mfupi kila baada ya wiki 2 au 3.

Ukitaka nyanya, nunua mche mmoja tu. Vichipukizi vinavyoota kati ya jani na shina, vikifika sentimita 10 hadi 15, vibanyue, ondoa majani ya chini, vichomeke kwenye udongo wenye unyevu kivulini. Vitatoa mizizi ndani ya wiki 1 hadi 2, na mche ule mmoja umekuwa minne. Ila usibanyue kwenye mche wenye mabaka au majani yaliyokunjamana, ugonjwa utahama pamoja na kichipukizi.