Kanisa Hufunguliwa Asubuhi, Kilabu Jioni

Wiki iliyopita mwinjilisti mmoja kutoka upande wa Mbulu alinitumia ujumbe. Gongo imemmalizia vijana wa mtaa wake, wazee wa kanisa wamempa kibali cha kuanzisha huduma ya walevi, na sasa anaomba nimtumie "somo" la kuanzia. Somo! Nilicheka peke yangu mpaka mke wangu akauliza kuna nini. Mwinjilisti mpendwa, kama pombe ingeachwa kwa somo, mimi ningeiacha darasa la kipaimara.

Nakujibu hapa mbele ya watu kwa sababu si wewe wa kwanza kuuliza, na najua wengi mnaonisoma mna hamu ileile: usharika wenu uwe na kikundi cha wanaoacha pombe kama chetu. Mnaweza. Ila kwanza nisikilizeni.

Mimi ni fundi seremala huku Vunjo, Kilimanjaro. Nusu ya madawati ya shule yetu ya msingi nimeyapiga randa mimi, na mabenchi ya kwaya, yale yasiyolia, pia ni ya kwangu. Pombe nilianza kama kila mtoto wa migombani, kwa kuonjeshwa mbege, pombe yetu ya ndizi, kwenye kata ya babu. Viroba, ile pombe kali ya vipakiti, vilikuja baadaye. Kiroba kilikaa mfuko wa shati, unakifungua kwa meno, unarudi kwenye randa, hakuna anayejua. Serikali ilipovipiga marufuku tarehe 1 Machi 2017, kanisani kwetu watu walimshukuru Mungu kwa sauti. Mke wangu alilia kwa furaha. Kufikia Pasaka ya mwaka huo mimi nilikuwa nimeshahamia bondeni, kwa mama mmoja anayepika pombe ya moshi.

Niliuza msumeno, nikauza randa, mwisho nikauza mbao za mteja. Hapo ndipo jina langu liliposomwa kwenye matangazo, kati ya ndoa ya watu wawili na taarifa ya mnada wa ndizi za sadaka: nimetengwa, sitashiriki Meza ya Bwana mpaka nitakapotubu na kurudi kundini. Aliyesoma alikuwa mzee wa kanisa ambaye Alhamisi ya wiki hiyohiyo tulikuwa wote kwenye matanga, tukipokezana kata moja. Tofauti yetu ni kwamba yeye alinywa akarudi nyumbani kwa miguu yake. Simtaji jina. Siku hizi wageni wakija, yeye ndiye husimama kuwaeleza jinsi "tulivyoianzisha" huduma hii. Nimemsamehe. Sentensi hiyo nimeiandika mara tatu nikaifuta, hii ya nne naiacha.

Aliyenitoa shimoni hakuwa mzee wala mchungaji. Nilianguka kwenye mtaro usiku nikavunja mguu, nikalazwa siku 12. Niliporudi na magongo, jirani yangu, mjane, akaanza kuja kila siku saa kumi na moja jioni. Anakata majani ya migomba kwa ajili ya ng'ombe wake, kisha anakaa kwenye gogo mlangoni kwangu na chupa ya chai. Hakuwahi kunisomea mstari. Tuliongea bei ya parachichi, tukawasengenya watu kidogo (Bwana atusamehe), saa mbili usiku anajitwisha majani yake anaondoka. Ilinichukua miezi kuelewa alichokuwa akifanya. Kiu ya gongo ina saa zake. Yangu iliingia jua likishuka nyuma ya migomba, ikapanda, ikafika saa mbili imechoka, nami nikaweza kulala. Mumewe alikufa kwa pombe ileile, na yule mama alikuwa amezihesabu saa zake miaka yote.

Miaka miwili iliyofuata haina hadithi. Nilikunywa chai.

Mwaka 2020 mchungaji akaniomba nianze kusaidia wengine, na hapa nakiri jambo ambalo hatulisemi mbele ya wageni. Wa kwanza alikuwa kijana aliyewahi kuendesha bodaboda, mnywaji wa kila siku, asubuhi hawezi kushika kikombe mpaka azimue, yaani anywe tena kidogo. Nikamwambia aache leo hii, kama mimi nilivyoacha. Tukamweka chumba cha akiba nyuma ya kanisa, tukafunga na kuomba. Siku ya kwanza alitetemeka na kulowa jasho, tukasema pepo analegea. Usiku wa pili akapata degedege, tukazidi kukemea. Siku ya tatu akawa anafuta siafu mikononi, siafu ambao sisi hatukuwaona, na hakujua yuko wapi. Aliyemwokoa ni nesi mmoja wa kwaya aliyekuja mazoezini, akasikia kelele, akafungua mlango. Alitutukana maneno ambayo sikuyategemea kwa mwimba soprano. Tulimpakia kijana kwenye pikipiki, amebanwa katikati ya watu wawili, mpaka kituo cha afya.

Tabibu alinieleza taratibu kama mtu anayeongea na mtoto. Mwili uliozoea pombe kila siku ukinyimwa ghafla unaweza kufa. Kutetemeka huanza saa chache baada ya tone la mwisho, degedege huja ndani ya siku mbili za mwanzo, na kuweweseka huku kwa kuona visivyokuwepo mara nyingi hufuata siku ya pili au ya tatu. Kuna dawa za kutuliza, kuna vitamini B1, kuna maji ya kutosha na mtu wa kuangalia usiku. Kisha akaniuliza: wewe uliacha vipi? Nikaanza ushuhuda wangu, nilipofika kwenye mguu akanyanyua mkono. "Siku 12 wodini? Basi mzee, arosto yako ilipita mikononi mwa manesi, na wewe ukadhani umeshinda peke yako."

Niliona aibu ambayo hata matangazo ya Jumapili hayakunipa.

Kwa hiyo, mwinjilisti, somo lako la kwanza si la Biblia. Nenda zahanati. Kaa na tabibu, mkubaliane kwamba kila anayezimua asubuhi ataonwa na yeye kabla hajaonwa na wewe. Ombeni, ndiyo, lakini ombeni kwenye benchi la zahanati. Na ukikuta mtu amekunywa jana, leo macho hayaoni vizuri, usimlaze aamke. Kuna pombe za magendo zenye methanoli na hizo hupofusha na kuua. Mkimbize hospitali.

Somo la pili nimeshakupa: saa kumi na moja jioni. Kanisa letu hufunguliwa asubuhi, wakati mlevi amelala au anazimua. Jumuiya nazo husali alfajiri. Jioni, kiu inapopanda, mlango ulio wazi kijiji kizima ni wa kilabu, na huko kuna benchi, kuna moto, kuna mtu anayekuita kwa jina lako. Sisi tuna nini saa hiyo? Kufuli. Nawauliza wachungaji wanaonisoma, na najua mpo: yule mlevi wa Methali 23 anayeuliza ataamka lini aitafute tena, akiamka jioni anamkuta nani? Mnasubiri aje kwenu amenyoa, na bahasha ya ahadi mkononi. Hataweza. Ahadi ya mwaka jana hajamaliza na anaona haya. Mfuateni! Saa kumi na moja!

Nimesoma kuhusu wale Wamarekani wawili, Bill Wilson na daktari Bob Smith, walioanzisha ushirika wa walevi mjini Akron, Ohio, mwaka 1935. Siri yao ilikuwa mlevi kukaa na mlevi mwenzake. Miaka hiyohiyo ya 1930 Uamsho ulikuwa umewaka Gahini, Rwanda, ukasambaa Afrika Mashariki, watu wakiungama mbele ya wenzao na kuita huko ni kutembea nuruni. Babu yangu yuleyule wa kata ya mbege aliungama hivyo uzeeni. Ni jambo jema, lakini lina saa yake. Mwanetu mmoja wa kikundi tulimpandisha jukwaani kwenye mkutano wa injili akiwa na wiki sita tu bila pombe. Watu walipiga vigelegele. Jumatatu kila aliyekutana naye njiani alimtazama mdomo. Jumamosi alikuwa bondeni. Siku hizi hatumpandishi mtu jukwaani kabla ya mwaka, hata mchungaji akitaka, na huwa anataka sana, hasa wageni wakiwepo.

Halafu kuna kata. Anayetoka mjini hawezi kuelewa. Kwenye posa, kwenye matanga, mzee akikunyooshea kata ya mbege ukikataa umemkataa yeye na ukoo wake. Tulichobuni ni hiki: hatuendi shughulini mmojammoja. Tunakwenda wawili, na kata ikifika yule mwenzake ndiye anayesema, "Meku, huyu yuko kwenye dozi." Dozi kila mtu anaiheshimu. Desemba tunakwenda hata wanne, kwa sababu watoto wa Dar es Salaam wanarudi na pesa na kila mmoja anataka kumnunulia mjomba bia.

Utaniuliza kuhusu wapikaji. Yule mama wa bondeni ni msharika mwenzetu. Bahasha yake ya ahadi ni nono kuliko ya mwalimu mkuu, na amesomesha watoto wawili chuo kwa lile pipa. Wazee walitaka atengwe, nikawauliza kama sadaka zake za miaka yote zitarudishwa, kikao kikaahirishwa. Tulimchangia kuku wa mayai ili aache. Kideri kikaingia, wakafa wote ndani ya siku tano. Alirudi kwenye pipa lake, na mimi nikikutana naye namwamkia kama kawaida. Kwa hili sina somo la kukutumia.

Uliuliza tuko wangapi. Tuko watu 11, tunakaa jioni kwenye karakana yangu, siyo kanisani. Saba wamepita mwaka. Mmoja tulimzika Mei.

Yule kijana wa chumba cha akiba hayumo. Alipona, akarudi kunywa, akaacha tena mwenyewe kwa msaada wa shemeji yake, bila sisi. Mwaka juzi nilikwenda kwake na sale, ule mmea wetu wa majani marefu. Wapo walokole watakaosema masale ni mambo ya mizimu, waniache. Kwetu mkosaji akija na sale, aliyekosewa hapaswi kumfukuza. Nilikata kichwa kizima na kipande cha shina, nikasimama uani kwake, nikaomba msamaha mbele ya mama yake. Hakusema neno. Alilipokea, akatembea mpaka mwisho wa kihamba, shamba lake la migomba, akalichomeka mpakani, upande unaotazama kwangu. Masale ya mpaka nayo huchomekwa vivyo hivyo.

Limeshika. Sasa linanifika kiunoni, na bado hajanisalimia.